Mimba hatarishi: jinsi ya kutumia dawa kwa usalama na kumfuatilia mtoto aliye tumboni

Kila siku ya kliniki maswali ni yaleyale. "Sista, naweza kumeza Panadol?" "Nimeambiwa nina presha lakini najisikia mzima, kwa nini niendelee na dawa?" "Mtoto leo kacheza kidogo, nisubiri mpaka lini?" Anayeuliza ni mama aliyeambiwa kuwa mimba yake ni hatarishi, akapewa dawa na tarehe ya kurudi, akaenda nyumbani na hofu kubwa na maelezo machache. Mwongozo huu ni wako wewe mama, na wa mume, dada au mama mzazi anayekaa nawe.

Mimba huitwa hatarishi kwa sababu nyingi: presha, kisukari, selimundu, kifafa, ugonjwa wa moyo, mapacha, historia ya mtoto kufia tumboni, au mimba iliyopita kuishia kwenye kifafa cha mimba, yaani degedege linaloletwa na presha ya ujauzito. Ukiambiwa hivyo haina maana kwamba mambo yameharibika. Maana yake ni kwamba wewe na mtoto mnatakiwa kuangaliwa kwa karibu zaidi, na sehemu kubwa ya kuangaliwa huko hufanyika nyumbani kwako, kati ya kliniki moja na nyingine.

Kuna jambo moja ninalolishikilia kuliko yote: usianze dawa kimyakimya, na usiache dawa kimyakimya. Wapo akina mama wanaoogopa kidonge kimoja cha Panadol, huku dawa ya presha wameiacha wiki nzima kwa sababu kichwa kimeacha kuuma. Kuiacha dawa ile ndiko kunakoweza kuua.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Kadi yako ya kliniki, pamoja na karatasi zote za vipimo na ultrasaundi ulizowahi kupewa.
- Daftari moja dogo na kalamu. Daftari hili ni la mimba hii tu, usichanganye na hesabu za kikoba.
- Boksi au kopo lenye mfuniko la kuwekea dawa, mbali na watoto, jua na mvuke wa jikoni.
- Simu yenye kengele.
- Mashine ya kupima presha ya kufunga juu ya kiwiko, kama unaweza kuipata. Za kufunga kwenye kifundo cha mkono hudanganya kirahisi. Kama huna, ulizia zahanati au duka la dawa lililo karibu ambako unaweza kupimwa mara kwa mara.
- Namba ya simu ya kituo unachohudhuria, na namba ya mtu mwenye usafiri.
- Mtu mmoja wa nyumbani anayejua dawa zako zote kwa majina.

Hatua ya 1: Mwaga dawa zote mezani

Toa kila kitu unachomeza, unachojipaka na unachojichoma. Toa dawa za hospitali, za dukani, mitishamba, vidonge vya nguvu alivyokuletea shoga yako, krimu ya uso, na udongo wa pemba kama unaula. Andika kila kimoja kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: jina, kiasi, saa, nani alikupa, na kwa ajili ya nini.

Hapa ndipo utakapokutana na vile vibahasha vidogo vya dawa vilivyoandikwa "1x3" kwa kalamu ya wino na hakuna jina. Hiyo 1x3 inamaanisha kidonge kimoja mara tatu kwa siku, lakini kidonge gani? Vidonge vyeupe vya duara viko vingi na vinafanana. Kama hujui kilichomo, usimeze na usikisie. Rudi nacho kilikotoka wakuandikie jina na nguvu yake, yaani miligramu. Kuanzia leo, kila unapopewa dawa kwenye kibahasha, omba jina liandikwe kabla hujaondoka dirishani. Ni haki yako na hakuna muuguzi atakayekasirika.

Hatua ya 2: Peleka orodha kliniki, ikaguliwe dawa moja moja

Usiikague peke yako. Ila ni vizuri ujue mapema mambo yalivyo, ili ujue cha kuuliza.

*Dawa za maumivu na homa.* Parasetamoli, yaani Panadol na wenzake, ndiyo chaguo la kwanza kwa mjamzito: kiasi kidogo kinachotosha, kwa siku chache, na usizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 ndani ya saa 24. Diklofenaki na ibuprofeni ziache, iwe kidonge au sindano. Kuanzia wiki ya 20 zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi, na mimba ikifika karibu wiki ya 30 zinaweza kufunga mapema mshipa wa damu ambao mtoto anauhitaji hadi azaliwe. Kumbuka kwamba dukani diklofenaki huuzwa pia ikiwa imechanganywa na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja. Ukisikia "hii ni Panadol yenye nguvu", soma boksi.

*Asprini ndogo.* Hii huwachanganya wengi. Asprini ya kawaida ya maumivu usitumie, lakini asprini ndogo, ya miligramu 75 hadi 150, daktari huwaandikia akina mama walio kwenye hatari ya kifafa cha mimba. Huanzwa baada ya wiki ya 12, na ikianzwa mapema kabla ya wiki ya 20 ndipo inaposaidia zaidi. Kama umeandikiwa, jirani akikwambia asprini inatoa mimba usiiache.

*Dawa za presha.* Methildopa, labetaloli na nifedipini ya kutoa dawa polepole ndizo zinazotumika sana wakati wa ujauzito. Zile ambazo jina lake kwenye boksi linaishia na "pril", kama captopril, enalapril na lisinopril, pamoja na zile zinazoishia na "sartan", kama losartan, zinadhuru figo za mtoto na zinaweza kukausha maji ya uzazi. Mama aliyekuwa na presha kabla ya mimba mara nyingi anazo nyumbani. Ukiikuta mojawapo mezani, nenda kituoni leo hii ukabadilishiwe. Kuiacha tu na kukaa bila dawa yoyote si suluhisho.

*Kifafa.* Valproati, ambayo kwenye chupa huandikwa sodium valproate au Epilim, ndiyo yenye madhara makubwa kwa mtoto kati ya dawa za kifafa: takriban watoto 10 kati ya 100 wanaozaliwa na akina mama wanaoitumia huwa na kasoro kubwa za maumbile, na wengi zaidi huchelewa kujifunza. Lakini kuikata ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo na kuwaua mama na mtoto pamoja. Muone daktari haraka, na hadi utakapomuona endelea kumeza.

*Antibayotiki.* Amoksilini, sefaleksini na erithromaisini kwa kawaida zinafaa zikiandikwa. Doksisaiklini na tetrasaiklini huharibu meno na mifupa ya mtoto. Siprofloksasini huepukwa pale penye dawa mbadala.

*Malaria.* Pima kwanza. Ikithibitika, Mseto hutumika kwa mjamzito, na malaria kali hutibiwa kwa sindano ya atesuneti katika miezi yote ya ujauzito. Dozi za SP za kuzuia malaria hutolewa kliniki kuanzia miezi mitatu ya kwanza inapokwisha, kila dozi ikipishana na nyingine kwa angalau mwezi mmoja. Kuna mambo mawili ya kumwambia muuguzi kabla hujaimeza: kama unatumia Septrini kila siku, hutakiwi kupewa SP, na kama unameza foliki asidi ya miligramu 5, kama wafanyavyo akina mama wengi wenye selimundu au kifafa, dozi hiyo kubwa inaipunguzia SP nguvu, hivyo apange namna ya kuzipisha. Vidonge vya kliniki vya kuongeza damu vina foliki asidi kidogo na havina shida hiyo.

*VVU.* Dawa za kufubaza virusi endelea nazo bila kukosa hata siku moja. Zinamlinda mtoto.

*Dawa nyingine za kuuliza siku hiyohiyo:* wafarini kwa wenye ugonjwa wa moyo, haidroksiyurea kwa wenye selimundu, dawa za chunusi zenye isotretinoini, na dawa yoyote ya vidonda vya tumbo au maumivu ya viungo yenye misoprostoli ndani yake, kwa sababu misoprostoli husukuma mfuko wa uzazi.

*Mitishamba, mkorogo na pemba.* Nitasema wazi. Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu zinaweza kufanya mfuko wa uzazi ujikaze kupita kiasi hadi kupasuka, hasa kwa mama aliyewahi kufanyiwa upasuaji. Krimu za kujichubua nyingine zina zebaki, ambayo hupita hadi kwa mtoto. Pemba huzuia madini ya chuma yasifyonzwe na yenyewe inaweza kubeba risasi. Hamu ya udongo mara nyingi huenda sambamba na upungufu wa damu, kwa hiyo usione haya kumwambia mkunga, atapima damu.

Hatua ya 3: Panga saa za dawa kwa kengele

"Mara tatu kwa siku" ya methildopa watu wengi huigeuza kuwa asubuhi, mchana na jioni, kisha usiku kucha mwili unakaa bila dawa na asubuhi presha imepanda. Gawanya saa 24 kwa tatu. Mfano: saa 1 asubuhi, saa 9 alasiri, saa 5 usiku. Weka kengele tatu na uweke alama ya vema kwenye daftari kila unapomeza.

Nifedipini ya kutoa dawa polepole imezwe nzima. Usiivunje, usiitafune, na usiiweke chini ya ulimi hata kama kuna mtu alikwambia inashusha presha haraka. Inashusha kweli, lakini kwa kishindo, na damu inayokwenda kwa mtoto hupungua ghafla.

Vidonge vya kuongeza damu vinafaa kumezwa kwa maji, au juisi ya chungwa au ndimu, mbali na chai na kahawa, kwani chai huzuia madini ya chuma. Kama umepewa pia vidonge vya kalsiamu, vipishanishe na vya damu kwa saa kadhaa: kimoja asubuhi, kingine jioni. Choo kitakuwa cheusi na tumbo linaweza kufunga. Hilo ni la kawaida, kunywa maji na ule matunda.

Ukisahau dozi, meza mara unapokumbuka, isipokuwa saa ya dozi inayofuata imekaribia sana. Usimeze mbili kwa pamoja kufidia.

Kwa wanaofunga Ramadhani: mama mjamzito mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Ukiwa na kisukari cha sindano au dawa za mara tatu kwa siku, zungumza na daktari wako kabla mwezi haujaandama.

Hatua ya 4: Jifunze sentensi moja ya duka la dawa

Kabla ya kutaja unachotaka, sema: "Nina mimba ya wiki kadhaa, nina presha, natumia methildopa na asprini ndogo. Dawa hii inanifaa?" Itaje kwa hali yako halisi. Nenda kwenye duka la dawa lililosajiliwa, na usinunue dawa kwa wachuuzi wa stendi wala kwa matangazo ya mtandaoni. Ukimtuma mtoto au bodaboda, mpe kikaratasi chenye sentensi hiyo. Muuzaji akionekana hana uhakika, acha dawa dukani upige simu kituoni.

Hatua ya 5: Pima presha kwa utaratibu uleule

1. Nenda haja ndogo kwanza, kisha kaa kwenye kiti chenye egemeo kwa dakika 5. Usiwe umekunywa kahawa ndani ya nusu saa.
2. Miguu iguse chini, usiikunje. Mkono uwe juu ya meza, usawa wa moyo.
3. Funga mkanda juu ya kiwiko, kwenye ngozi, si juu ya shati. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ukweli, hivyo omba mkanda mkubwa.
4. Nyamaza wakati mashine inafanya kazi.
5. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja au mbili katikati. Andika zote, pamoja na tarehe na saa.

Ikisoma 140/90 au zaidi, pumzika na urudie baada ya robo saa. Ikibaki hapo, wasiliana na kituo siku hiyohiyo. Ikisoma 160/110 au zaidi, ondoka sasa hivi kwenda hospitali, hata kama huumwi popote. Namba moja tu kati ya hizo mbili ikivuka inatosha.

Hatua ya 6: Hesabu mtoto anavyocheza

Hii ndiyo hatua ninayotaka uielewe kuliko zote, kwa sababu kipimo hiki hakina gharama na kinaweza kukupa taarifa kabla mashine haijakupa.

Akina mama wengi huanza kumsikia mtoto kati ya wiki ya 16 na 24. Wa uzazi wa kwanza huchelewa kidogo. Kuanzia wiki ya 28 hivi mtoto huwa na mtindo wake: wapo wa alfajiri, wapo wanaoanza fujo mama akishalala. Kazi yako ni kuujua mtindo wa huyu wako. Wa jirani hauhusiki.

1. Chagua saa ambayo kwa kawaida mtoto huchangamka. Kwa wengi ni baada ya chakula cha usiku.
2. Zima redio, weka simu mbali, lala kwa ubavu wa kushoto, mkono juu ya tumbo.
3. Andika saa ya kuanza.
4. Hesabu kila teke, kila kugeuka na kila kujinyoosha. Kwikwi, zile zinazodunda kwa mpangilio mmoja, usizihesabu. Kama kuandika kunakuchosha, weka punje 10 za maharage kwenye kikombe na uhamishe moja kila anapocheza.
5. Ikifika ya kumi, andika saa. Umemaliza.

Mstari mmoja kwenye daftari utaonekana hivi: *Jumatatu, kuanzia saa 2:10 usiku hadi 2:45, dakika 35.* Fanya hivyo kila siku, saa ileile.

Mtoto hulala tumboni, kwa kawaida dakika 20 hadi 40, na mara chache huvuka dakika 90. Ndiyo maana tunampa saa mbili. Saa mbili zikiisha hajafikisha kumi, ondoka uende kituoni. Na kuna kitu cha pili ambacho namba peke yake haikionyeshi: mabadiliko. Mtoto wako siku zote anamaliza kumi kwa nusu saa, leo imechukua saa moja na nusu na mateke ni hafifu. Kwa hesabu amefaulu, lakini kwa mtindo wake amebadilika. Nenda.

Ukifika usikae kwenye foleni ukisubiri jina lako. Mfuate muuguzi: "Shikamoo sista. Mimba yangu ina presha, na tangu mchana mtoto hachezi kama kawaida yake. Naomba unisikilizie mapigo yake." Mpe daftari. Akimkuta mtoto yuko salama, umefanya sawasawa kuja, na ikitokea tena kesho, njoo tena.

Angalizo kuhusu dawa: sindano za deksamethasoni za kukomaza mapafu ya mtoto, ambazo hutolewa pale inapohofiwa kuzaa kabla ya wakati, zinaweza kumfanya mtoto atulie kwa siku moja au mbili. Dawa za usingizi na pombe humtuliza pia. Lakini usijitafutie sababu mwenyewe ukiwa nyumbani. Mwache anayesikiliza mapigo ndiye aseme kuwa ni dawa.

Hatua ya 7: Jua vipimo vya kliniki vinatafuta nini

*Tepu juu ya tumbo.* Kuanzia wiki ya 24 hivi, urefu wa tumbo kwa sentimita hukaribiana na idadi ya wiki. Uliza namba na uiandike. Ikisimama palepale kliniki mbili mfululizo, uliza kama mtoto anakua.

*Fetoskopu au dopla ya mkononi.* Hivi ni vifaa vya kusikilizia moyo wa mtoto. Mapigo ya kawaida ya moyo wa mtoto ni 110 hadi 160 kwa dakika.

*CTG.* Mikanda miwili tumboni, mmoja unasikiliza moyo, mwingine unaangalia kukaza kwa mfuko wa uzazi. Huchukua dakika 20 au zaidi, kwani mtoto akiwa amelala husubiriwa aamke. Nenda umekula na umeshajisaidia, na uombe kulala ubavu au kuegemea, si chali kabisa. Ukilala chali mfuko wa uzazi hubana mshipa mkubwa wa damu, utasikia kizunguzungu na mapigo ya mtoto yanaweza kushuka.

*Ultrasaundi.* Ya kwanza ifanyike kabla ya wiki ya 24, kwa sababu ndiyo inayokadiria umri wa mimba vizuri. Zinazofuata kwenye mimba hatarishi huangalia ukuaji, kiasi cha maji ya uzazi, na mtiririko wa damu kwenye kamba ya kitovu cha mtoto. Tunza karatasi zote: daktari analinganisha ya leo na ya mwezi uliopita.

*Mkojo na damu.* Kama una presha, protini kwenye mkojo ipimwe kila hudhurio. Usiondoke kabla haijaandikwa kwenye kadi.

Hatua ya 8: Panga safari ya dharura leo, si siku ya dharura

Amua sasa: utaenda hospitali gani yenye uwezo wa upasuaji, na gari la nani, na nani atabaki na watoto. Tanzania ipo huduma ya m-mama ya kusafirisha wajawazito na wachanga wakati wa dharura. Piga 115, simu ni bure. Weka kadi, daftari na dawa kwenye mfuko mmoja karibu na mlango.

Ondoka mara moja ukiona lolote kati ya haya: kichwa kuuma sana kusikoisha kwa parasetamoli, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu makali chini ya mbavu upande wa kulia au kwenye chembe ya moyo, uso na mikono kuvimba ghafla, damu ukeni, chupa kupasuka kabla ya wakati, homa kali, degedege, au mtoto kuacha kucheza. Mama akipata degedege, mlazeni ubavu wa kushoto, msimtie kitu chochote mdomoni, na mtafute usafiri papo hapo.

Makosa yanayojirudia

Kuacha dawa ya presha kwa sababu namba zimekuwa nzuri. Namba ni nzuri kwa sababu ya dawa.

Kunywa soda baridi au glukosi ili kumwamsha mtoto, kisha kusubiri tena saa nzima. Hakuna uthibitisho kwamba inasaidia, na muda unapotea.

Kuamini kwamba mtoto hupunguza kucheza mimba inapokaribia kujifungua. Si kweli. Aina ya mchezo inaweza kubadilika, teke likawa kama kujiviringisha, lakini hatakiwi kupungua hadi kuzaliwa.

Kununua dopla ya mkononi mtandaoni na kujisikilizia. Unaweza kusikia mapigo yako mwenyewe ukadhani ni ya mtoto, na hata ukisikia ya mtoto kweli hujui kama yanakwenda sawa.

Kuazimana dawa na jirani kwa kuwa "yeye alipewa hiyohiyo".

Mambo yakienda kombo

*Natapika dawa.* Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza na kidonge ukakiona, piga simu kituoni uulize kama urudie. Ukitapika kila dozi, nenda ukapewe namna nyingine. Presha au kifafa bila dawa haisubiri kliniki ijayo.

*Methildopa inanilaza na kunitia huzuni.* Usingizi siku za mwanzo hutokea na mara nyingi hupungua. Huzuni isiyoisha mwambie daktari, dawa mbadala zipo.

*Nilimeza diklofenaki au losartan kabla sijajua.* Diklofenaki acha kuimeza; ya presha badilishiwa siku hiyohiyo. Mwambie daktari uliimeza kwa muda gani na mimba ilikuwa ya wiki ngapi. Dozi chache hazimaanishi mtoto ameharibika, ila huenda daktari akataka kuangalia maji ya uzazi kwa ultrasaundi.

*Insulini, na sina friji.* Chupa unayoitumia inaweza kukaa nje ya friji kwa takriban wiki nne ikiwa mahali pa baridi, chini ya nyuzi 30. Kichupa ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya chungu kidogo kilichowekwa kwenye chungu kikubwa chenye mchanga wenye majimaji, hukaa vizuri. Isigande kamwe. Ukitetemeka, ukatoka jasho na njaa ya ghafla, kunywa maji ya sukari kwanza, kisha ule, kisha upime.

*Simsikii mtoto vizuri, nimeambiwa kondo liko mbele.* Kondo la nyuma (zalio) likiwa kwenye ukuta wa mbele wa mfuko wa uzazi hufifisha mateke, hasa kabla ya wiki ya 28. Hesabu mateke unayoweza kuyasikia. Huo ndio mtindo wako, na ukibadilika kanuni ni ileile.

*Mama mkwe ananiletea dawa ya kienyeji.* Usigombane. Mwambie, "Shikamoo mama, nashukuru kwa kunijali. Daktari amenikataza kuchanganya na dawa za presha, naomba tuende wote kliniki ukamsikie mwenyewe." Mpe kazi nyingine: awe ndiye anayekukumbusha kuhesabu mateke saa mbili usiku. Bibi huwa makini sana na mjukuu.

*Nimeambiwa mtoto yuko salama lakini bado nina wasiwasi.* Omba kupimwa tena, au nenda hospitali kubwa zaidi ukiwa na daftari lako. Wasiwasi wa mama ni taarifa ya kitabibu kama zilivyo nyingine.

*Dawa zimeisha, na kliniki ni wiki ijayo.* Hesabu vidonge kila Jumapili. Vikibaki vya siku 5, nenda ukachukue vingine bila kusubiri tarehe.

*Nimejifungua salama. Dawa za presha niache?* Hapana. Kifafa cha mimba kinaweza kumpata mama hata baada ya kujifungua, zaidi siku za mwanzo na wakati mwingine hadi wiki sita. Endelea kupima kila siku. Daktari anaweza kukutoa kwenye methildopa na kukupa dawa nyingine, pengine hata enalapril uliyokatazwa ukiwa na mimba, kwa kuwa inaweza kutumika wakati wa kunyonyesha. Mwombe aiandike kwenye kadi, nawe iandike kwenye daftari, chini ya tarehe ya kuzaliwa mtoto.